Jiko Langu, Mashine Yake

26 Novemba

Mashine imefika leo, na mimi sina jiko la nje tena.

Wiki nzima mume wangu Ignas alikuwa ananiambia kwamba ni kamashine tu. Kamashine kameletwa na lori la kenta, wanaume wamekashusha kwa kukaviringisha juu ya mabomba, na ukuta wa jiko langu umebomolewa upande mmoja ili kapite. Nusu ya mtaa wetu wa Zuzu ilikuwa imesimama inatazama. Mama Ikram wa nyumba ya pili akaniuliza tutaanza lini kusaga, maana foleni ya mashine ya sokoni inamchosha. Nikamwambia hii haisagi mahindi, inachonga chuma. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

Ni mashine ya milingi ya wima. Ina nguzo ya chuma inayonizidi urefu, kichwa kinachoshika kisu cha kuzunguka, na chini meza ya chuma inayotembea kwenye reli zake. Kisu hakitoki mahali pake, meza ndiyo inayokipelekea kazi. Ignas alisimama mbele ya mashine za namna hii karakanani tangu ujana mpaka anastaafu, na zote zilikuwa za watu. Hii aliikuta kwenye karakana iliyofungwa, kuku wanalala juu yake. Imechakaa, ina kutu, na jioni hii mume wangu wa miaka sitini na minane alikuwa anaizunguka huku anaimba.

Kabla jua halijazama alikuwa ameshang'oa kibanio cha mashine yangu ya mkono ya kusagia karanga, akabania taa.

"Nitakurudishia kesho, Mwalimu."

Ananiita Mwalimu hata ndani ya nyumba. Nilistaafu nikabakiwa na madaftari ya maandalio ya somo, na hili ni mojawapo. Nitaandika humu mpaka nipate jiko langu.

27 Novemba

Kibanio hakijarudi.

2 Desemba

Leo nimefundishwa. Meza ikiwa imeshushwa, Ignas alilaza rula yake ya chuma, ile nene anayoifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga, juu ya reli za meza. Akanipa kipande cha karatasi, akaniambia nijaribu kukipenyeza chini ya rula. Pembeni kiligoma. Katikati kikapita bila kuomba ruhusa.

"Unaona? Miaka yote kazi inafanyika katikati. Pembeni hapaguswi. Sasa katikati pamelika."

Nikasema hata kizingiti cha darasa la kwanza kiko hivyo. Alifurahi mpaka akanipiga begani. Anasema dawa yake ni kukwangua kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka pembeni pashuke pafanane na katikati. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema masika yote.

Anaongea na ile mashine Kisandawe. Mimi ni Mgogo, na kwa miaka yote hii ya ndoa nimejua lugha yake kiasi cha kusalimia na kugombana tu, kwa hiyo sijui anaiambia nini. Lakini sauti anayotumia naijua. Aliwahi kuitumia kwangu.

9 Desemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wamejaa taani. Karanga za mlenda nimetwanga kwa kinu.

14 Desemba

Bluu yangu ya kufulia imetoweka. Nimemkuta nayo jikoni (naendelea kupaita jikoni), anaisaga laini na kuichanganya na grisi kwenye kisahani changu cha chai. Ile rangi halisi ya mafundi ilimwishia karakanani.

Nilikuwa nimeingia na hasira, nikatoka bila hasira, ndivyo anavyonifanyia huyu mtu. Alinionyesha. Anaipaka rula bluu kidogo sana, anailaza kwenye reli, anaisugua mara mbili tatu, anainua. Palipoinuka pamedaka bluu, palipolika pamebaki peupe. Basi anachukua kikwanguo alichotengeneza kwa tupa kuukuu, anakwangua kila doa la bluu, na doa pekee. Anafuta, anapaka tena, analaza tena. Siku reli itakapokuwa imelala sawasawa, madoa yatasambaa kila mahali.

"Ni kama kusahihisha madaftari," nikasema.

"Ndiyo. Ila hapa daftari halijibu."

Alama za leo: mia kwa maelezo, sifuri kwa kisahani.

20 Desemba

Amekuja Hamidu, Mrangi wa Kondoa, aliyefanya kazi naye benchi moja karakanani. Wameitana mtani kwa muda mrefu hivi kwamba nadhani wamesahau majina. Hamidu alisimama mlangoni akamtazama Ignas alivyoinamia chuma, pua inakaribia kugusa.

"Mtani, unaipima au unainusa?"

"Nainusa. Nasikia harufu ya Mrangi imeingia."

Walicheka. Baadaye, nilipomsindikiza Hamidu barabarani, hakuwa anacheka. Akaniuliza kama Ignas ameshapima macho siku za karibuni. Nikasema ana miwani.

25 Desemba

Noeli. Mwanetu Brighton amekuja kutoka Chimwaga, anakofanya kazi chuoni, pamoja na mkewe Sabrina. Pilau imetoka vizuri. Ignas alimimina chai nje ya kikombe, akasema kikombe kimesogea. Brighton akasema, "Baba, nikupeleke ukapime macho." Baba yake akajibu kwamba miwani anayo, akabadilisha mazungumzo kuwa ya zabibu.

3 Januari

Mvua kila siku. Udongo wa huku umevimba, na sakafu ya jiko imevimba nao. Ignas aliweka pimamaji juu ya mashine akaniita.

"Mwalimu, njoo ujifunze. Niambie kiputo cha hewa kiko wapi."

"Kimekimbilia upande wa mlango."

"Kwa kiasi gani?"

Nikamwambia. Akalegeza skrubu chini ya mguu wa mashine, akaniuliza tena, nikamwambia tena, mpaka kiputo kikarudi katikati. Nilijisikia mtu muhimu. Ni vizuri kwamba mume, kwa umri huu, bado anataka kunifundisha kitu.

11 Januari

Mvua. Kiputo kimekimbia tena. Karanga nimetwanga kwa kinu.

19 Januari

Ignas amekwenda Chemba. Kaka yake Yotham ameteleza kwenye tope akavunjika mguu. Ameniachia maagizo ya mashine marefu kuliko ya kuku na mbuzi: nisiruhusu mtu aiguse, nifunike, maji yasiifikie. Upande mmoja wa reli ameshaumaliza, unang'aa, na meza ameirudisha juu kwa muda. Mimi nilidhani sitaihurumia ile mashine hata siku moja, lakini alipoondoka niliingia mara mbili kuitazama.

22 Januari

Paa limevuja pale ukuta ulipobomolewa. Nimekuta matone kwenye reli iliyokwanguliwa na kutu imeanza, nyekundu, mbichi. Nimefuta haraka. Nikachukua mafuta ya alizeti, yale mazito ya shamba la Yotham, nikaipaka mashine yote kama ninavyopaka kisu na kikaango, kwa ukarimu. Kisha nikawasha jiko la mkaa pembeni ili unyevu ukauke, na nimeamua kuliwasha kila siku mpaka arudi. Nimeridhika na nafsi yangu. Atanisifu.

26 Januari

Amerudi mchana, buti zina tope mpaka juu. Yotham anaendelea vizuri. Hakukaa. Alikwenda jikoni, akashika mkono wa meza ya mashine, akazungusha. Meza haikutembea.

Alipitisha vidole kwenye reli, taratibu. Vidole vikanata.

"Umepaka nini?"

"Alizeti. Kutu ilikuwa imeanza."

"Na moto?"

"Niliwasha mkaa ili pakauke."

Alinusa vidole. Mimi nikajua nimeharibu, ila sikujua kiasi gani. Kisha akasema, "Mwalimu, umeikaanga." Akacheka, nami nikacheka kwa aibu. Alizeti ikikaa kwenye joto inageuka gundi, na mafuta ya mashine hayafanyi hivyo. Fundi yeyote angejua. Mimi nilijua kikaango.

Tukachukua mafuta ya taa na matambara, yeye upande wake, mimi upande wangu. Ilikuwa kazi ya mchana mzima, na niseme kweli, nilikuwa na furaha, maana tulikuwa tunaongea habari za Chemba na mvua ilikuwa imepumzika. Baada ya muda akanyoosha mgongo.

"Upande wangu tayari. Safi kabisa."

Nikazunguka kwenda kuona. Upande wake ulikuwa na gundi ya manjano pana kama kiganja changu, katikati kabisa, mahali ambapo mtoto wa chekechea angeiona.

Nilisimama na tambara mkononi. Nikakumbuka kiputo. Nikakumbuka karatasi aliyonipa niipenyeze mimi. Chai ya Noeli, pua kwenye chuma. Hakuwa ananifundisha, alikuwa anaazima macho yangu.

"Baba Brighton, hivi ni vidole vingapi?"

"Usinifanye mtoto wa darasa la kwanza."

"Vingapi?"

Akaketi juu ya kreti ya soda. "Jicho la kushoto limezimika," akasema. "La kulia naona kama niko ndani ya chandarua. Ni mtoto wa jicho. Nilipimwa kiangazi."

Kiangazi. Kabla ya mashine. Alikwenda peke yake, akarudi, akala mchicha wangu, hakusema neno.

"Sasa mashine umenunua ya nini, kama huoni?"

"Ndiyo maana nimeinunua. Nimetengeneza za watu maisha yangu yote. Nilitaka niirudishe moja iwe yangu kabla sijawa gizani."

Nikamwambia mtoto wa jicho anatolewa, Hamidu alitolewa, anaona mpaka anakera. Akatikisa kichwa.

"Wewe unajua mkono wa binadamu? Mimi naujua. Nimefanya kazi ya kuondoa chuma kisichofika unene wa unywele. Mkono unateleza, Mwalimu. Hata wangu uliteleza, na mimi nilikuwa mzuri. Kipande kikiharibika unatupa, unachukua kingine. Jicho nitachukua wapi lingine?"

Nilipiga magoti upande wake, nikasugua ile gundi mpaka ikaisha. Nilikuwa nalia, na kwa kuwa hakuona, sikujisumbua kuyafuta machozi. Alisafiri peke yake mpaka Chemba na kurudi kwa jicho la ndani ya chandarua, na mimi nikampungia mkono mlangoni.

27 Januari

Nina hasira naye. Nimempikia tu.

28 Januari

Bado.

30 Januari

Hasira imekwisha, sijui ilikwenda wapi. Nilimkuta amekaa mbele ya mashine na kikwanguo mapajani, hafanyi chochote. Nikavuta kigoda.

"Paka bluu," nikamwambia. "Nitakusomea."

4 Februari

Tuna namna yetu sasa. Meza imeshushwa tena. Nimechora reli kwa chaki, mistari ya kulala na ya kusimama, kama ramani. Yeye analaza rula, anasugua, anainua. Mimi nasoma: safu ya pili, mstari wa tatu, doa zito, safu ya pili mstari wa nne, jepesi. Yeye anapeleka kidole, anaweka kikwanguo, anasukuma. Krr. Anasema sauti ya chuma inamwambia amekula kiasi gani.

Brighton nimemwambia kwa simu. Alitaka kuja kumchukua baba yake siku hiyohiyo. Nikamwambia ukimvuta atakaa chini kama punda.

10 Februari

Mvua, bluu, mvua. Nguo zangu zote nyeupe zimekuwa za manjano na kucha zangu zimekuwa za bluu. Karanga kwa kinu.

15 Februari

Hamidu alikuja kumhubiria. Alieleza oparesheni yake mwanzo mpaka mwisho, alivyolala, taa ilivyowaka, alivyofunguliwa bandeji akamwona mkewe. "Nikasema, kumbe huyu mama ni mzuri hivi, na mimi nimekuwa nalala kwa kumpa mgongo."

"Wewe jicho lako lilikuwa halina kazi," Ignas akasema. "Lingeharibika lisingeleta hasara."

Ni utani, lakini alikuwa anasugua kidole gumba kwenye ncha ya kikwanguo, na nikaona anaogopa. Sijawahi kumwona Ignas anaogopa kitu. Nilitaka kumshika kichwa kama nilivyokuwa nikimshika mtoto wa darasa la kwanza, ila Hamidu alikuwepo.

21 Februari

Nimemsomea doa, akaweka kikwanguo pembeni yake. Nikasema sogeza kushoto. Akasogeza sana. Nikasema rudi. Akakwangua pasipotakiwa. Akaweka chombo chini.

"Shika wewe."

"Mimi?"

"Macho yanayoona doa na mkono unaokwangua viwe vya mtu mmoja. Hatutamaliza hivi."

Alisimama nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu. Anasema nguvu haitoki mkononi, inatoka kiunoni. Mpini wa kikwanguo ni mnene, ulitengenezwa utoshee mkono wake, na mimi vidole vyangu havikutani. Mara ya kwanza kiliteleza kikachora mstari mrefu kwenye reli yake inayong'aa. Nikafunga macho kusubiri.

Alipitisha kidole kwenye ule mstari. "Si kirefu," akasema. "Endelea."

23 Februari

Mgongo. Viganja. Malengelenge mawili.

26 Februari

Nimeteleza tena.

3 Machi

Leo nimekwangua mpaka Mama Ikram akaja kuuliza kama nimeajiriwa. Amekuja na debe la mahindi pia, kwa tahadhari, kama tumebadilisha mawazo. Nimempa uji.

7 Machi

Tulikuwa tunatoka kanisani, mvua imeacha mtaro wazi kando ya barabara. Niligeuka kumsalimia mzazi wa mwanafunzi wangu wa zamani, muda wa kuitikia shikamoo tu. Nilipogeuka tena Ignas hakuwepo. Alikuwa ndani ya mtaro, maji mpaka mapajani, suti yake ya kanisani inaelea nyuma yake. Hakuita. Alikuwa ametulia tu, ameinua uso, anasubiri asikie sauti yangu ili ajue aelekee wapi.

Hakuumia zaidi ya goti. Vijana wa bodaboda walimtoa. Njia nzima nilimshika mkono wa koti. Nyumbani nilimwambia waziwazi: naogopa, sitaki kukupoteza mtaroni, wala sitaki uzeeke ndani ya chandarua wakati kuna mtu anaweza kukifunua. Nilisema nampenda. Huwa hatuyasemi hayo kwa Kiswahili cha mchana.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tumalize reli kwanza," akasema.

Nilitoka nikaenda kutwanga karanga, na nilizitwanga hasa.

12 Machi

Hamidu amekuja alasiri. Yeye yuko kwenye Ramadhani, sisi tuko kwenye Kwaresima, kwa hiyo hakuna aliyedai chai. Aliketi kwenye kreti ya soda. Nilifuta reli, nikapaka rula bluu, kidogo sana, jinsi nilivyofundishwa. Ignas akailaza mwenyewe, akasugua, akainua.

Niliinama. Nikaenda mpaka mwisho wa reli, nikarudi. Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa.

"Soma," Ignas akasema.

"Safu ya kwanza, madoa. Ya pili, madoa. Ya tatu, madoa." Nikanyoosha mgongo. "Kila mahali, Baba Brighton. Yametawanyika kila mahali. Katikati na pembeni pamefanana."

Alimgeukia Hamidu, maana mimi alidhani namhurumia. Hamidu alikuja akatazama, bila haraka, na hakutania.

"Mtani, imelala," akasema. "Sura yake mbaya, mikwaruzo inakwenda kila upande kama kuku amepita. Lakini imelala."

Tukairudisha meza juu ya reli. Ignas akashika mkono wake, akazungusha kwa kidole kimoja, na ile meza nzito ikatembea toka mwanzo mpaka mwisho bila kukwama popote. Akairudisha. Akaipeleka tena. Kisha akakaa.

"Mkono wako umeteleza mara ngapi, toka uanze?"

"Mara nyingi. Unajua."

"Mara nyingi," akarudia. "Na wewe ulikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, hujawahi kushika hata tupa."

"Sijawahi."

Hamidu alitaka kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Ignas alipitisha kiganja kwenye meza yake, kwenda na kurudi, muda mrefu.

"Basi yule daktari atakuwa ameteleza mara chache kuliko wewe," akasema. "Mwambie Brighton aniandikishe."

13 Machi

Nimempigia Brighton kabla jogoo hajawika, kwa hofu kwamba baba yake ataamka na akili nyingine.

20 Machi

Hospitali. Tulikaa kwenye benchi refu pamoja na wazee wengine, kila mmoja amebandikwa alama juu ya jicho lake. Ignas akatafuta mkono wangu akaushika, pale mbele za watu. Huyu ni mtu ambaye hata siku ya harusi yetu alinishika kwa kiwiko. Hakuuachia. Alikuwa anauzungusha ndani ya wake, anabana kidole kimoja, anaacha, anabana kingine, anapitisha gumba kwenye kiganja toka upande mmoja mpaka mwingine. Nilijua ni hofu, nikamwachia afanye anavyotaka. Nilikuwa nasali rozari kwa mkono mwingine. Walipomwita, alisimama mara moja akamfuata nesi, amenyooka, kama mtu anayekwenda zamu.

Sikumbuki nilifanya nini mpaka alipotoka. Brighton anasema nilikuwa nasahihisha makosa ya tahajia kwenye tangazo la ukutani.

21 Machi

Wametoa bandeji. Jicho la kulia. Alipepesa, machozi yakatoka, akatazama dirisha, akamtazama nesi, akamshukuru. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya kwa ajili hiyo.

"Mwalimu," akasema, "umeota mvi."

"Zote za mwaka huu. Nimekuwa na mume mbishi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akawa ananitazama tu. Sikujua niweke uso wapi. Nina miaka sitini na mitatu na niliona aibu kama msichana.

Nyumbani alikwenda jikoni. Aliinamia reli kwa muda mrefu, pua mbali na chuma. Mimi nilisubiri mlangoni kama mtoto aliyepeleka daftari.

"Hamidu alisema kweli. Kuku amepita."

"Utaikwangua upya?"

"Sigusi hata doa moja."

2 Aprili

Amekatazwa kuinama na kunyanyua vitu vizito. Kwa hiyo anakaa kwenye kreti na kutuamuru. Brighton amefunga mota na nyaya. Matone ya dawa namtia mimi, na kila mara anasema mkono wangu ni mzito.

9 Aprili

Mvua zinaaga. Kiputo hakijakimbia wiki nzima. Ignas alikisoma mwenyewe, kwa sauti, ili nisikie.

17 Aprili

Daktari amemruhusu kazi nyepesi. Jicho la kushoto watalifanya kiangazi, na safari hii yeye ndiye aliyeuliza tarehe. Mchana mashine imewaka. Nilitegemea makelele, lakini inanguruma chini chini, kwa adabu. Amenifungia mlango. Anasema kazi ya kwanza haitazamwi na watu.

18 Aprili

Bado amenifungia. Jikoni kwangu.

20 Aprili

Leo alasiri aliniita. Juu ya meza ya mashine kulikuwa na vitu viwili juu ya tambara safi.

Kimoja kilikuwa kibanio cha mashine yangu ya karanga, kimesafishwa, kimetiwa skrubu mpya. Nilikichukua nikakibusu, na sioni haya kuandika hivyo.

Cha pili kilikuwa kikwanguo. Si kile cha tupa kuukuu. Hiki ni kifupi, chepesi, mpini wake wa alumini umechongwa bapa pande mbili, ukingo laini, na nyuma kuna kishimo kidogo cha kukaa kitako cha kiganja. Nilikishika. Vidole vyangu vilizunguka mpini vikakutana na gumba, bila kubana, bila kupwaya. Nilikigeuza kila upande nikitafuta mahali patakaponiumiza, sikupapata.

"Ulijuaje ukubwa?" nikamuuliza. "Hujawahi kunipima."

Alikuwa anafuta mashine, hakuinua kichwa.

"Nilikupima kwenye benchi, hospitalini."

Nikakumbuka vile vidole, kimoja kimoja, na gumba lililokwenda toka upande mmoja wa kiganja mpaka mwingine, na kurudi. Nikamwambia mimi nilidhani ni hofu, nilimwonea huruma, nilisali rozari nzima kwa sababu ya ile hofu.

"Nilikuwa naogopa," Ignas akasema. "Nilikuwa napima, na nilikuwa naogopa. Nikasema, hata wakiniharibia jicho, kipimo cha mkono wako nitakuwa nimeshakichukua."